Mgonjwa akifika nyumbani anabaki na nini?

Habari za asubuhi wenzangu. Manesi, madaktari, wafamasia, watu wa mapokezi, na nyie wa TEHAMA mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongelee hili suala la kuondoa karatasi za wagonjwa kliniki na kuweka simu badala yake, na kabla sijaenda mbali niseme ni karatasi zipi, maana hapa watu huwa wanachanganya. Siongelei faili la mgonjwa, hilo ni somo lake na lina watu wake. Naongelea ile karatasi anayotoka nayo mgonjwa mkononi, kipeperushi cha kisukari, maelekezo ya kujiandaa na upasuaji, jinsi ya kusafisha kidonda, jinsi ya kutumia dawa ya kuvuta ya pumu, dalili za hatari kwa mjamzito, na yale mabango yote ya ukutani ambayo mengine yamepauka mpaka maandishi hayaonekani.

Mi naunga mkono kuyahamishia kwenye simu, tena kwa nguvu zote. Ila nina sharti moja na ntalirudia mpaka mnichoke. Kipimo cha hii kazi hakiko mapokezi, kiko nyumbani. Saa nane usiku mtoto ana homa, aliyelala naye ni bibi yake, na mama aliyepewa maelekezo kliniki yuko kazini zamu ya usiku. Huyo bibi anaona nini? Anasikia nini? Anampigia nani? Kama kabla hatujaondoa karatasi alikuwa na kitu na baada ya kuondoa hana kitu, basi hatujaboresha chochote, tumempunguzia mtu wa stoo kazi ya kuagiza karatasi, basi.

Kwa nini maelekezo ya kwenda nayo nyumbani ni muhimu hivyo? Kwa sababu kichwa cha mgonjwa hakibebi. Kuna mtafiti anaitwa Roy Kessels, mwaka 2003 alipitia tafiti za kumbukumbu za wagonjwa, akaandika kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya anachoambiwa mgonjwa na mtaalamu kinasahaulika hapohapo, na katika hicho kidogo kinachobaki karibu nusu kinakumbukwa vibaya. Fikirini wenyewe, mtu kaambiwa ana presha, moyo unamwenda mbio, anawaza familia yake, wewe unaendelea kuongea kuhusu chumvi na vidonge na tarehe ya kurudi, anatikisa kichwa ndio ndio ndio, na hakuna kinachoingia. Sio kwamba ni mjinga wala hajali. Ni binadamu ameshtuka. Kwahiyo lile karatasi halikuwa urembo, lilikuwa linafanya kazi ya kumkumbusha baadae akishatulia, na chochote tunachokileta badala yake lazima kifanye kazi hiyohiyo na ikiwezekana kifanye zaidi.

Na kweli kinaweza kufanya zaidi, niwape sababu kubwa kuliko zote. Karatasi ikishaprintiwa haibadiliki, elimu ya tiba inabadilika. Mwaka 2004 WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, na UNICEF walitoa tamko la pamoja kuhusu kuhara kwa watoto, wakaleta ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ya fomula mpya isiyo na chumvi na sukari nyingi kama ile ya zamani, na wakasema mtoto apewe pia zinki siku 10 mpaka 14. Mwaka 2016 WHO ikabadilisha ushauri wa kliniki ya wajawazito kutoka mahudhurio manne kwenda angalau manane. Desemba 2022 wakasema kwa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja inaweza kutumika badala ya mbili kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Sasa kila mmoja wenu akirudi kituoni aangalie ukutani na kwenye droo aone karatasi zake zinasemaje kuhusu hayo matatu. Maboksi ya vipeperushi yana tabia ya kukaa, mtu aliagiza vingi kwa sababu ukiprinti vingi bei inashuka, vikabaki, na hakuna mwenye moyo wa kutupa kitu kilicholipiwa, basi mgonjwa anaendelea kupewa maelekezo ambayo hata daktari mwenyewe hayafuati tena. Ukurasa wa mtandaoni unaubadilisha leo mchana na jioni kila anayeufungua anaona mpya. Hii peke yake inatosha kunifanya niwe upande wa digitali.

Mambo ya kuokoa miti na hela ya wino yapo, ni mazuri, siyapingi, ila siyapi nafasi ya kwanza.

Sasa twende kwenye namna inavyofanyika, maana hapa ndo tunaharibu. Mwaka 2020 Korona ilipoingia, kliniki nyingi duniani ziliondoa magazeti na vipeperushi kwenye vyumba vya kusubiria kwa hofu ya watu kushikashika, na pale ukutani ikabandikwa QR, ile picha ya vijiraba vyeusi na vyeupe unayoiskani kwa kamera ya simu ikufungulie ukurasa. Korona ikapungua, QR ikabaki. Na QR ni kitu kizuri jamani, ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na imetengenezwa kwa namna ambayo ukiichagua ile ya kiwango cha juu hata ikiharibika karibu asilimia 30 bado inasomeka. Kwahiyo tatizo sio QR yenyewe. Tatizo ni tunavyoitumia.

Simama pale ukutani kama mgonjwa. Karatasi imewekewa plastiki inayong'aa, dirisha liko mbele yake, kwahiyo kamera inaona mwanga tu. Imebandikwa juu usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Chini yake kuna benchi na watu wamekaa, ili uskani inabidi uinamie watu uelekeze simu juu ya vichwa vyao, na juu ya QR pameandikwa kwa herufi kubwa jina la ugonjwa ambao hutaki jirani yako ajue unao. Mama ana mtoto mgongoni, mkono mmoja ameshika kadi, mwingine ndo simu, chaji asilimia 9. Anajitahidi, inakubali, inafunguka. Inafunguka nini? PDF. Kile kipeperushi kilekile cha kukunja mara tatu, kimeskaniwa kama picha, kurasa zimegeuka pembeni, herufi ndogo kama mchanga, inabidi avute kwa vidole viwili aende kulia arudi kushoto, na bando limeliwa. Anafunga. Na sisi kwenye ripoti tunaandika kwamba huduma ya elimu kwa wagonjwa sasa ni ya kidijitali.

Wenzangu, kuskani kipeperushi na kukiweka mtandaoni sio kuhama. Maelekezo ya simu yanaandikwa upya toka mwanzo. Mtu kwenye simu anasoma anavyotembeza kidole kwenda chini, kwahiyo kitu cha kwanza kabisa anachokutana nacho kiwe kile cha kumwokoa, yaani lini arudi haraka na ampigie nani, na hiyo namba ikiguswa ipige simu yenyewe. Historia ya ugonjwa na mfumo wa mmeng'enyo na mchoro wa figo viwe chini huko kwa anayetaka kusoma zaidi. Herufi ziwe kubwa, ziwe nyeusi kwenye nyeupe, sio kijivu kwenye bluu kwa sababu mbunifu kapenda. WHO inasema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona karibu au mbali, na wagonjwa wetu wa presha na kisukari ndo haohao wenye miwani iliyosahaulika nyumbani. Na iwe maandishi ya kweli sio picha ya maandishi, kwa sababu maandishi ya kweli simu inaweza kumsomea asiyeona, picha haiwezi.

Na kama hamna jinsi ni lazima QR, basi isikae ukutani peke yake. Iwekwe pale dirisha la dawa, kwenye bahasha ya vidonge, kwenye kadi ya tarehe ya kurudi, mahali ambapo inaenda nyumbani na mgonjwa na anaweza kuifungua akiwa ametulia, au mjukuu akamfungulia. Alafu nyie wa TEHAMA naomba mnisikilize hapa, zile huduma za bure za kutengeneza QR nyingi zinapitisha linki kwenye mtambo wao kwanza, muda wa majaribio ukiisha wanaizima mpaka ulipe, na wewe tayari umeshaprinti bahasha za miezi sita. Tengenezeni ambayo inaenda moja kwa moja kwenye anwani yenu wenyewe. Na mtu wa zamu awe anaziskani mara kwa mara aone hakuna mtu kabandika stika yake juu, maana wezi wa mtandao nao wamejifunza QR, wanamtuma mgonjwa kwenye ukurasa wa kujaza namba za benki akidhani bado yuko kliniki kwenu.

Nihamie kwenye meseji, hapa nina mengi ya kusema kwa sababu naamini ndo chombo chetu bora na tunakidharau kwa vile sio kipya. Meseji ya kawaida inaingia kwenye simu ya batani, haihitaji bando kwa anayepokea, inakaa kwenye simu mpaka mtu aifute, na kubwa kuliko yote inaweza kufika kwa saa unayotaka wewe. Chukua dawa mseto ya malaria, ile ya artemether na lumefantrine. Dozi 6 kwa siku tatu. Ya kwanza anakunywa leo, ya pili baada ya masaa 8, alafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na anywe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Hiyo dozi ya pili ndo mtihani. Akinywa ya kwanza saa kumi na moja jioni, ya pili inaangukia saa saba usiku. Karatasi ina michoro mizuri ya jua na mwezi, lakini karatasi haimwamshi mtu. Meseji inalia. Na siku ya tatu, homa imeshashuka, mtoto anacheza, mama anajiambia amepona na vile vidonge vilivyobaki anavitunza kwa ajili ya siku nyingine, siku hiyohiyo asubuhi unaweza kumfikia na sentensi moja tu, maliza dozi hata kama amechangamka. Kipeperushi kiko kwenye droo saa hizo.

Ila kuandika meseji ni ufundi, na tafadhali msimwachie mtu wa kompyuta peke yake. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, ukizidi inakatwa vipande na unalipia kila kipande. Ngoja niwasomee moja ya kuhara kwa mtoto: "Pakiti 1 ya ORS, lita 1 ya maji safi. Mpe kidogo kidogo kila akiharisha. Zinki kila siku mpaka iishe. Akishindwa kunywa au akilegea mlete kliniki haraka." Hiyo ni herufi 153 ukihesabu na nafasi, imeingia kwenye meseji moja, ina dawa, ina kipimo, ina hatari, haina salamu ndefu wala jina refu la taasisi. Na kabla hamjaituma angalieni pakiti zilizopo kwenye stoo yenu, maana zipo za lita moja na zipo za nusu lita na ndogo zaidi, mkikosea hapo mtoto anapewa chumvi nyingi au kidogo mno. Kingine kidogo lakini kinauma, mkikopi maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia, ile alama ya juu ya ng' mara nyingi inakuja imepinda, na alama moja tu ya namna hiyo, au kikatuni kimoja cha tabasamu, inashusha nafasi kutoka herufi 160 mpaka 70. Meseji yenu inakuwa tatu, gharama mara tatu, na kwenye simu za zamani vipande vinaweza kufika vimepishana. Andikeni na ile alama iliyonyooka.

Alafu meseji isiwe ya kwenda tu. Kuna utafiti ulifanyika Kenya kwenye kliniki za wanaoishi na VVU, ukatoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2010, kliniki ilikuwa inawatumia wagonjwa meseji mara moja kwa wiki, fupi sana, Mambo? Basi. Mgonjwa anajibu Sawa au Shida ndani ya masaa 48. Akijibu Shida, au akikaa kimya, muuguzi anampigia simu. Walikuwa wagonjwa 538, nusu hivi wakapata meseji na nusu wakahudumiwa kama kawaida, na baada ya mwaka, waliopata meseji waliokuwa wanafuata dawa vizuri walikuwa 168 kati ya 273, wengine 132 kati ya 265, na virusi kufubaa, yaani kupungua sana kwenye damu, ilikuwa 156 kwa 128 kwenye makundi hayohayo. Mi nikiangalia hapo sioni maajabu ya teknolojia, naona muuguzi aliyepiga simu. Meseji ilimwonyesha tu ampigie nani. Kwahiyo ukianzisha meseji za kujibiwa na hujapanga ni nani anasoma majibu, saa ngapi, na wikiendi nani, umemfundisha mgonjwa kwamba akisema ana shida hakuna anayesikia, na hiyo ni mbaya kuliko kutomuuliza kabisa. Kliniki isiyo na mtu wa kusoma majibu isiulize swali. Itume maelekezo na namba ya kupiga, iishie hapo.

Na tazameni ile meseji ya Kenya haikutaja ugonjwa. Hilo ndilo la siri, na hapa siongei kwa upole. Simu sio ya mtu mmoja kila mahali. Mume anashika ya mke, mtoto anacheza gemu kwenye ya baba, kioo kikiwaka meza nzima inasoma. Karatasi mtu anaweza kuikunja akaitia kwenye nguo, meseji inatokea juu ya kioo yenyewe bila kuombwa. Meseji inayotaja VVU, uzazi wa mpango, kifua kikuu, afya ya akili, inaweza kumvunjia mtu ndoa au kumtoa kazini au kumfanya apigwe. Muulize mgonjwa, kwa maneno ya kawaida na mlango umefungwa, hii namba ni ya nani, nani mwingine anaishika, nikutumie au nisikutumie, nikutumie saa ngapi. Akisema usinitumie, usimtumie, na asinyimwe kitu kwa sababu hiyo. Na namba zihakikiwe kila akirudi, kwa sababu laini ikikaa muda bila kutumika kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ataanza kupokea maelekezo ya mgonjwa wako.

Afrika Kusini walianza MomConnect mwaka 2014, mjamzito anasajiliwa palepale kliniki kwa simu yoyote hata ya batani, anapata meseji zinazokwenda na umri wa mimba yake, bila yeye kulipa, kwa lugha anayochagua kati ya lugha rasmi za nchi. Nataja hii kwa sababu ya vitu viwili ambavyo ukivikosa unakosa kila kitu, bure kwa mgonjwa, na lugha yake. Unaweza kuwa na ukurasa mzuri kuliko wote duniani, ukimgharimu bando hataufungua mara ya pili.

Video nazo nisizisahau. Kuna mambo ambayo maneno hayawezi hata ukiandika kitabu. Dawa ya kuvuta ya pumu, ile ya kubonyeza, mtu anatakiwa aitikise, atoe pumzi, aweke mdomoni na kufunga midomo vizuri, aanze kuvuta taratibu na kubonyeza hapohapo, aendelee kuvuta, alafu abane pumzi kama sekunde 10. Kipeperushi kinachora picha sita na mshale, na bado watu wanabonyeza kwanza ndo wanavuta, dawa yote inabaki kwenye ulimi, mgonjwa anarudi hajapona na tunamwongezea dozi. Video ya nusu dakika ya muuguzi wenu mwenyewe, kwa lugha yenu, inaonyesha mdomo na kidole kwa karibu, inamaliza kazi. Mtumieni kwenye WhatsApp akiwa bado kliniki na waifai yenu ili imeshadaunlodika kabla hajatoka getini. Iwe na maandishi chini kwa wasiosikia. Na ndani ya video yenyewe, sio pembeni, ionyeshe jina la kliniki na tarehe, kwa sababu itafowadiwa, itaingia kwenye magrupu, itakuwa inazunguka miaka mitano ijayo, na mtu atakayeipokea lazima ajue ilitoka wapi na lini. Kusambaa kwenyewe mi nakupenda, ndo njia ya yule mama wa zamu ya usiku kumfikishia bibi maelekezo, lakini maelekezo yasiyo na tarehe yakishasambaa yanageuka uvumi.

Sasa nani anabaki nje? ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 walikuwa hawatumii intaneti. Huo ulikuwa karibu mtu mmoja katika kila watatu. Na hawajagawanyika sawa, ni wazee zaidi, maskini zaidi, wa vijijini zaidi, wanawake zaidi, yaani ukichora orodha ya wagonjwa wanaotuhitaji kuliko wote unakuta ni watu walewale. Kwa hao kuna sauti. Simu inayojipiga na kusema maelekezo kwa lugha ya mtu, au namba ya bure anayopiga akachagua moja kwa kidonda mbili kwa homa, haihitaji kusoma wala smatifoni. Ni kazi kuirekodi vizuri na watu wengi wanairuka kwa sababu haipendezi kwenye maonyesho. Msiiruke.

Na kuna karatasi ambazo nasema waziwazi zisiondolewe. Kadi ya mama na mtoto isiondolewe. WHO yenyewe mwaka 2018 ilitoa mapendekezo ya kuunga mkono kumbukumbu zinazotunzwa nyumbani na mgonjwa, na sababu inaeleweka, mama akienda kujifungua kituo kingine ambacho kompyuta yake haiongei na yenu, ile kadi ndo inaongea. Karatasi ya dalili za hatari baada ya upasuaji na baada ya kujifungua isiondolewe, iwe nusu ukurasa, herufi kubwa, namba ya simu, ibandikwe nyumbani mlangoni ambapo kila mtu wa nyumba anaiona hata simu ikiwa imezima chaji. Maelekezo ya dozi yabaki yameandikwa kwenye bahasha ya dawa, siku zote, hata mkiwa na mfumo wa mamilioni. Japani waliondoa vile vikaratasi vilivyokuwa ndani ya maboksi ya dawa za hospitali kuanzia Agosti 2021, wakahamia kuskani msimbo wa kwenye boksi, na watu wanautaja sana huo mfano. Lakini vile vikaratasi vilikuwa vya madaktari na wafamasia, watu wenye kompyuta mezani na mafunzo ya kuvisoma. Huwezi kuuchukua ukauweka moja kwa moja kwa bibi wa saa nane usiku.

Kwahiyo mnapoanza, msianze na kuondoa. Anzeni kuweka kipya pembeni ya cha zamani, kwa ugonjwa mmoja tu, na chagueni ule unaobadilika maelekezo mara nyingi au unaohitaji kukumbushwa saa fulani. Mgonjwa akimaliza kuhudumiwa msimuulize ameelewa, kila mtu anasema ameelewa, mwambieni hebu nieleze ukifika nyumbani utafanyaje, na muulizeni simu yako naomba uifungue hapa tuone kama inafunguka. Akirudi muulizeni aliifungua? Aliifungua nani? Wapi alikwama? Majibu yao ndo yaseme lini karatasi ipungue, sio barua ya ofisini. Na kila ukurasa, kila meseji, kila video iwe na mtu mmoja mwenye jina, muuguzi au mfamasia, ambaye ndo kaipitisha na ndo atakayeibadilisha mwongozo ukibadilika. Bila huyo mtu, ukurasa wa mtandaoni unazeeka vilevile kama boksi la stoo, tofauti ni kwamba hauonekani umepauka, unaonekana mpya kabisa huku unadanganya watu.

Watu wa mapokezi nawaomba radhi mapema, kazi hii itawaangukia nyie kwanza, foleni itasimama kwa sababu mzee hajui kuskani na nyuma yake wako wengi. Viongozi mliopo hapa, hilo liwekeni kwenye bajeti, mtu mmoja wa kusimama pale na kusaidia watu kwa miezi ya mwanzo, maana huo msaada ni sehemu ya huduma na sio kazi ya ziada ya karani. Na mzee akisema mwanangu mi nipe karatasi tu, apewe, na apewe ile ya leo, iliyoprintiwa kutoka kwenye ukurasa huohuo muda huohuo.

Muda wangu umeisha. Nimebaki hapa kwa maswali, na ningependa nianze na watu wa dirisha la dawa maana nyie ndo wa mwisho kumwona mgonjwa kabla hajatoka, mtuambie huwa anauliza nini.